Viongozi wa skauti, tujibane sisi kwanza

Ukitaka kujua kikao cha viongozi wa skauti kitakwisha saa ngapi, tazama ajenda ya sare imepangwa ya ngapi. Ikiwa ya kwanza, piga simu nyumbani wasikungoje chakula. Tutabishana soksi, urefu wa kaptula, nani avae kofia na beji ikae bega gani, mpaka adhana ya Magharibi itukute hatujagusa suala la watu wazima wangapi watalala kambini. Na hilo ndilo litakalopitishwa kwa dakika mbili, watu wameshasimama, funguo za pikipiki mkononi.

Najitolea na maskauti hapa Mombasa, upande wa Likoni, watoto wa shule za umma. Nimekaa vikao vya kundi, vya kaunti ndogo na vya kaunti, na malumbano ni yale yale, wanaobadilika ni wenyeviti tu. Anayeanza kazi hii leo nina neno moja la kumwambia: ukali wetu tumeuelekeza pasipo. Mtoto tunambana kwa nguo, halafu sisi wenyewe tunajilegezea kwenye kanuni na mafunzo. Pindueni. Watu wazima wabanwe, mtoto apewe nafasi.

Nianze na kanuni, kwa sababu hapo ndipo penye kuumiza. Kanuni ya kwanza katika skauti yoyote yenye kujiheshimu ni kwamba mtu mzima haachwi peke yake na mtoto mahali pa faragha. Wawe watu wazima wawili, au pawe peupe panapoonekana. Wote huitikia kwa kichwa ukiisema. Ngoja kikao kiishe saa moja usiku, mtoto mmoja hajachukuliwa, na mwalimu mwema mwenye pikipiki aseme, "Nitampitisha mimi, ni njia yangu." Hapo ndipo utajua kanuni ipo au haipo. Kwetu jibu ni kwamba mzazi anapigiwa simu na viongozi wawili wanangoja naye mpaka afike, hata ikiwa saa tatu. Tumelalamika, tumeumwa na mbu, lakini hatujaibadilisha.

Hati ya mwenendo mwema kutoka DCI, idara ya upelelezi wa jinai, ya kuonyesha mtu hana rekodi ya uhalifu, nayo ni kisa kizima. Huku kwetu ukimwomba mtu mzima mwenye heshima zake alete hati, anaona umemtukana. Atakwambia amewasomesha watoto wa mtaa huu tangu wewe ukiwa huna meno. Ushauri wangu: usianzie kwake. Mwenyekiti wa kundi aweke ya kwake mezani kwanza, amfuate katibu, amfuate mwalimu mlezi. Ikifika zamu ya mzee wetu, yake itakuwa ya nne, wala hakuna wa kunung'unika. Na mwambie wazi: "Mzee, hatukushuku wewe. Tunataka yule tusiyemjua akija akute mlango una kitasa."

Simu ni hivyo hivyo. Kiongozi hamwandikii mtoto ujumbe wa peke yao, hata wa kumkumbusha aje na kamba. Taarifa zote ziende kwenye kundi la wasapu la wazazi. Watoto wa gredi ya nane na ya tisa wanakereka wakipewa habari zao kupitia mama zao, na wana haki ya kukereka. Basi wawekeni kwenye kundi hilo hilo pamoja na wazazi, mkisema jambo wote wasikie.

Adhabu nitaipitia haraka, maana haina mjadala. Viboko vilipigwa marufuku katika shule za Kenya tangu 2001. Kumrusha mtoto kichurachura kwa sababu amechelewa gwaride, au kumsimamisha juani, ni kuvirudisha kwa mlango wa nyuma. Kiongozi asiyejua njia nyingine apelekwe mafunzo au apumzishwe.

Halafu kuna bahari, ambayo sisi wa pwani tuna kiburi nayo. Watoto wa Likoni wengi walianza kuogelea kabla ya kujua kusoma, na hilo ndilo hasa linalotuzembeza. Siku za bamvua maji hapa hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita 3, na yanapotoka hayakuulizi wewe ni mwenyeji au mgeni. Utaratibu wetu hauna ufundi mkubwa. Kila mtoto ana mwenzake, na majina yao yameandikwa daftarini kabla ya mguu kugusa maji. Filimbi ikilia, kila wawili wanashikana mikono na kuinyanyua juu, na kiongozi aliyebaki nchi kavu anahesabu. Asiyeona mwenzake anapiga kelele pale pale. Huyo kiongozi wa nchi kavu haogi, hata jua liwe kali vipi, na simu yake ameshamkabidhi mtu mwingine. Niamini, kumpata mtu mzima atakayekubali kukaa mchangani saa nzima bila simu ni kazi kuliko kuwafundisha watoto mafundo yote ya kamba.

Sasa sare, na hapa najua wapo watakaoninunia.

Wenye msimamo mkali husema mtoto bila sare kamili si skauti. Hao huwa nawarudisha kwenye kambi ya kwanza kabisa, ile Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa skauti, aliyoifanya kisiwani Brownsea, Uingereza, mwaka 1907. Walikuwa wavulana wapatao 20, wengine kutoka shule za matajiri, wengine watoto wa wafanyakazi wa kawaida. Sare kamili hawakuwa nayo. Walivaa skafu ya kaki, beji ya shaba, na begani utepe wa rangi unaoonyesha mtoto ni wa patroli gani, yaani kikosi kidogo ndani ya kundi: kijani Fahali, buluu Mbwamwitu, na wengineo. Kama hao walikuwa maskauti, huyu wa kwetu aliyevaa skafu juu ya shati la shule ni skauti pia.

Baden-Powell aliitetea sare baadaye kwa hoja ninayoikubali: ikivaliwa, huwezi kumjua mwana wa tajiri na mwana wa maskini. Hoja hiyo inasimama pale ambapo wote wanaweza kuipata. Sare ikigeuka kuwa mzigo, aliyekusudiwa kufichiwa umaskini wake ndiye anayebaki nje ya uzio akichungulia. Niliwahi kumsikia mama mmoja akiuliza taratibu mwisho wa mkutano, wengine wakiwa wameshatoka, "Mwalimu, na hiyo mikanda ni lazima?" Hakuuliza kwa ubishi. Alikuwa anapiga hesabu.

Kwa hiyo sisi tunakwenda kwa hatua. Skafu ndiyo ya kwanza, na mtoto anaivishwa siku anapokula ahadi, kundi ndilo linaloilipia. Shati linafuata mzazi akijaaliwa, linashonwa na fundi wa mtaani kwa kipimo kimoja kilichokubaliwa. Chini mtoto avae suruali au sketi yake ya shule. Beji ndiyo kitu pekee tusichoiga wala kushonesha vichochoroni. Hiyo inatoka kwa chama cha maskauti cha taifa. Mashati yaliyowabana wakubwa yanarudi stoo, yamewekwa nambari kwenye kola. Nambari, si jina la mtoto, ili anayeazima asitambulikane. Na kabla hamjapitisha lolote, fungueni kitabu cha kanuni cha chama mkisome. Mengi tunayoyaita "sheria ya skauti" ni mazoea ya kiongozi fulani wa zamani aliyekuwa na sauti nzito.

Suala la hijabu linataka utulivu kidogo. Hapa pwani kundi lisilojua kumvalisha msichana skafu juu ya mtandio litabaki na wavulana watupu. Nimeshuhudia watu wazima wakilijadili nusu saa, wote wanaume, ilhali wasichana wenyewe wamesimama hatua chache. Tulipowauliza walimaliza mara moja: ncha za mtandio zinaingizwa ndani ya kola ya shati, skafu inazungushwa juu yake na kubanwa kifuani. Haitelezi, na ukikimbia haikuzibi uso. Shati wakaomba liwe refu, lipite nyonga. Kaptula vilevile: zipo familia zisizotaka goti la mvulana lionekane, basi avae suruali ndefu na yaishe. Hakuna beji yenye thamani ya kumfanya mtoto achague baina ya skafu na dini ya nyumbani kwao. Vivyo hivyo Ramadhani, matembezi marefu yasubiri, na jioni hizo zitumike kwa mambo ya kukaa.

Niliyoyasema ni ya watoto. Kwa kiongozi mtu mzima nabadilisha sauti. Yeye avae kamili na avae safi, na asibandike kifuani kitu asichokitolea jasho. Tunao wenzetu ambao kifua kimejaa beji lakini bandeji ya mkono hawajui inaanzia wapi.

Hapo tumefika kwenye mafunzo. Mafunzo makuu ya viongozi wa skauti duniani ni Wood Badge, yaliyoanza Gilwell Park, Uingereza, mwaka 1919. Anayehitimu huvishwa kamba ya ngozi yenye shanga mbili za mti. Watu wengi hawajui kwamba shanga za mwanzo zilitoka kwenye mkufu unaohusishwa na Dinizulu, mfalme wa Wazulu. Namna mkufu huo ulivyomfikia Baden-Powell inabishaniwa hadi leo, na mimi naona ni vizuri ibishaniwe. Ninachowaambia viongozi wapya ni kwamba shanga hizo hazipatikani kwa kuhudhuria darasa tu. Kuna kozi, kisha kuna kipindi cha kulea kundi lako na kuonyesha kazi.

Tatizo letu ni nauli na nafasi. Mwalimu ana likizo. Dereva wa bodaboda na mama muuza samaki hawana, na mara nyingi hao ndio wanaowajua watoto wa mtaa kuliko mwalimu. Kozi ikiwa kambi ya skauti ya Rowallan, Nairobi, kwao ni siku za kazi zilizopotea, na watoto wao nyumbani wanakula kutokana na siku hizo. Kundi liweke akiba ya kumpeleka kiongozi mmoja kila inapowezekana, kwa sharti kwamba akirudi awafundishe wenzake Jumamosi inayofuata, kabla daftari halijapata vumbi. Na mpeleke anayelingana na umri anaoulea. Kiongozi wa Sungura, maskauti wadogo, ana kazi nyingine kabisa na wa Mwamba, walio vijana. Ukimchukua aliyezoea vijana wa miaka 17 ukampa wa miaka 7, wote watalia.

Kama pesa zinatosha kozi moja tu, iwe huduma ya kwanza. Msalaba Mwekundu wa Kenya wanaifundisha, na wapo Mombasa. Mafundo mtajifunza njiani. Mtoto aliyekabwa na kipande cha muhogo hangoji ujifunze njiani.

Unajuaje kwamba mafunzo yamemwingia mtu? Mimi namtazama wakati wa moto. Mtoto kiongozi wa patroli, yeye na wenzake sita au saba, wanahangaika kuwasha makumbi ya nazi, upepo wa bahari unazima njiti moja baada ya nyingine. Asiyefunzwa hatavumilia. Atawasogeza pembeni, "Leteni hapa!", atauwasha mwenyewe kwa njiti moja na kujisifu, na watoto watarudi nyumbani wamejifunza kwamba mwalimu anajua kuwasha moto. Aliyefunzwa anakaa chini, mikono mapajani, anauliza, "Upepo unatoka wapi?" kisha ananyamaza. Watageuka, watajipanga kuukinga kwa migongo yao, na moshi utaanza. Wali utachelewa kuiva, lakini mtakula.

Mtihani mkubwa wa haya yote huja Februari. Baden-Powell aliishi miaka yake ya mwisho Nyeri, akafariki huko tarehe 8 Januari 1941 na huko akazikwa. Kaburi lake lina duara lenye nukta katikati, alama ya njiani ya maskauti inayosema mwenye nayo amerudi nyumbani. Karibu na tarehe 22 Februari, siku aliyozaliwa, maskauti humiminika Nyeri kumkumbuka. Ndipo homa ya sare inapopanda, maana kila kundi linataka kupendeza mbele ya makundi mengine. Fedha zote zinaishia kwa fundi na kwenye beji.

Sasa fikirieni mtoto wa Likoni aliyezaliwa na kukulia usawa wa bahari, anashushwa kwenye basi alfajiri katika mji ulio zaidi ya mita 1,700 juu. Anatetemeka ndani ya shati lililonyooshwa vizuri. Mkipanga safari hiyo, andikeni kwanza majina ya watu wazima watakaokuwa kwenye basi, wanawake na wanaume, na nani atakuwa macho usiku. Pili, nani ana sanduku la dawa na nambari za wazazi kwenye karatasi, kwa sababu simu huzima chaji. Tatu, blanketi na sweta la kila mtoto. Masweta ya mitumba yapo tele soko la Kongowea, ila nendeni Desemba, asubuhi mapema marobota yanapofunguliwa. Mkingoja Februari mtakuta kumebaki ya watoto wachanga.