Miguu imenywea, dawa za moyo ziendelee

Pole kwa kuuguza, dada. Umeuliza kama mama, ambaye moyo wake umeshindwa kufanya kazi vizuri (heart failure), anaweza kuacha dawa kwa kuwa miguu imenywea na anapumua vizuri. Asiache, tafadhali. Kunywea huko ni kazi ya dawa yenyewe. Moyo wake haujasimama, ila hausukumi damu vya kutosha, ndiyo maana maji hujaa miguuni na kwenye mapafu. Dawa ya furosemide hutoa maji hayo. Nyingine, kama bisoprolol au enalapril, huulinda moyo usizidi kudhoofika, hata siku anazojisikia mzima. Zikimletea kizunguzungu au kikohozi kikavu, daktari atapunguza dozi au kubadilisha dawa.

Nunueni mizani. Apime uzito kila asubuhi akishakojoa, kabla ya kula, na mwandike. Uzito ukipanda zaidi ya kilo 2 ndani ya siku 3, pigeni simu kliniki, msingoje miguu ivimbe tena. Hapa ndipo wengi huchelewa, kwa sababu maji hurudi kimyakimya.

Chumvi apunguze. Na jambo ambalo wengi hawaambiwi: dawa za maumivu kama ibuprofen na diclofenac hufanya maji yabaki mwilini, kwa hiyo asizimeze bila kumuuliza daktari.

Akianza kuhitaji mito zaidi ili alale, au kuamka usiku akitafuta pumzi, aonwe siku hiyo hiyo. Kubanwa kifua, kuzimia, au kuhema akiwa ametulia: hospitali mara moja.

Nawe usibebe peke yako, gawaneni zamu nyumbani.