Johnny Weissmuller: bingwa kwanza, Tarzan baadaye

Ndugu, umeuliza kama Johnny Weissmuller alijua kuogelea kweli au alifundishwa kwa ajili ya filamu za Tarzan, yule mhusika wa kubuni aliyekulia katika misitu ya Afrika. Alikuwa bingwa wa kuogelea muda mrefu kabla ya kuigiza: mwaka 1922 akawa mtu wa kwanza kuogelea mita 100 za mtindo huru chini ya dakika moja, kwa sekunde 58.6, kisha katika Olimpiki za Paris 1924 na Amsterdam 1928 akatwaa medali 5 za dhahabu, pamoja na shaba ya polo ya majini. Filamu yake ya kwanza ya Tarzan ilitoka mwaka 1932, na hadi 1948 alikuwa amecheza 12. Ukiitazama mojawapo, angalia anavyoogelea: kichwa na kifua viko juu ya maji, mikono inapiga kwa kasi bila kuyatibua sana. Huo ndio mtindo wake wa mashindanoni, na kwa maoni yangu hakuna mwigizaji ambaye angeweza kuuiga. Misitu inayoonekana katika filamu hizo, ingawa iliitwa Afrika, kwa sehemu kubwa ilikuwa Marekani. Uogeleaji wake ulikuwa halisi.