Barua kwa mwanangu: huo mkojo ulikuwa wako

Mwanangu Baraka,

Huku Kakamega tu wazima. Swali lako nimelisoma mara tatu: uombe cheti chako cha kuachishwa jeshi la Marekani kipandishwe kiwe cha heshima kamili, au uache? Na ukiomba, useme ule mkojo uliokutwa na bangi mwaka 2016 haukuwa wako?

Omba. Hilo la mkojo liondoe.

Nilikuwa karani wa mahakama miaka 26, na nimeona wengi wakiomba wapunguziwe adhabu. Mtu alikuwa na sababu nzito ya kuhurumiwa, lakini akishashikwa kwenye uongo mmoja mdogo, hakimu hakumsikia tena.

Dada yako alinichapishia maelezo, nikayasoma na kamusi kando. Bodi ya huko inayopitia upya vyeti vya kuachishwa hutazama kama utaratibu ulifuatwa ulipoachishwa, na kama uamuzi wenyewe ulikuwa wa haki. Huanza kwa kuamini kwamba wakubwa wako walifuata sheria, na kazi ya kuonyesha vinginevyo ni yako. Ukibishana na maabara utashindwa asubuhi na mapema.

Mwaka 2017, wewe ukiwa umeshatoka, Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilizipa bodi mwongozo wa kuwatazama kwa jicho la huruma waliojeruhiwa akili vitani. Bodi hujiuliza: palikuwa na jambo linaloweza kueleza kosa? Lilikuwapo mtu akiwa bado jeshini? Kweli linalipunguza kosa? Na linazidi uzito wa kosa lenyewe? Ushahidi si lazima utoke kwenye faili la jeshi. Hata maneno ya wazazi hupokewa.

Kesi yako iko hapo, Baraka. Uliporudi kutoka Afghanistan ulikuwa unatupigia saa mbili asubuhi yetu, kwenu usiku wa manane, halafu husemi kitu. Tunasikia unapumua tu. Bangi ilikuja baadaye. Inaniuma hadi leo kwamba ulivuta, sikufichi, na hayo maumivu nitayaandika pia, maana bodi ikiona baba anamtetea mwanawe kwa kila kitu haitamwamini kwa lolote.

Rafiki yako aliyekwambia cheti hujibadilisha chenyewe baada ya miezi sita amekudanganya. Hakibadiliki mpaka uombe. Fomu ni DD 293, na una miaka 15 tangu siku uliyotoka, yaani hadi 2031. Ukichelewa kuna bodi nyingine, ya kurekebisha kumbukumbu, kwa fomu DD 149. Muda wake ni miaka 3 tangu ugundue kosa lililo kwenye kumbukumbu zako, ingawa wanaweza kukusamehe kuchelewa. Usitegemee kusamehewa.

Najua kinachokusukuma ni karo. Cheti hicho cha daraja la pili hakikukunyima mkopo wa nyumba, ila chuo cha uuguzi kimekuponyoka kwa sababu msaada wa masomo unataka heshima kamili. Lakini usiiegemeze barua yako hapo. Bodi haipandishi cheti ili mtu apate mafao. Waeleze kilichokupata, ulichofanya, na ulivyoishi tangu hapo: kazi ya zamu za usiku, matibabu uliyokubali kuanza, mtoto unayemlea. Mwombe msimamizi wako kazini akuandikie, na hospitali ikupe faili lako. Vipo vyuo vya sheria huko ambavyo wanafunzi wake huwasaidia waliokuwa wanajeshi bila malipo. Tafuta kimoja kabla hujatia sahihi popote.

Nitumie nakala ya DD 214, yaani cheti chenyewe cha kuachishwa, ile ndefu inayotaja sababu ya kuachishwa, si ile fupi unayowapa waajiri. Wiki hii naandika maelezo yangu juu ya zile simu. Nilidhani tarehe zitanisumbua, kumbe mama yako anazikumbuka karibu zote. Kila ulipopiga, anasema, alikuwa ameinjika chai, na kila mara ilifurika ikazima moto.

Ni mimi baba yako.