Upepo Hafifu wa Kiyoyozi Katika Gari la Zamani: Ifuate Njia ya Hewa Kabla ya Kujaza Gesi

Mtu anayeendesha gari la zamani hapa Tanga katika miezi ya kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, anajua vizuri kwamba joto letu la pwani huja pamoja na unyevu, na kwamba kufungua vioo peke yake hakumpunguzii jasho mtu aliyekwama juani na abiria wanne ndani. Kiyoyozi kinapodhoofika, wengi wetu huenda moja kwa moja kwa fundi na kusema kwamba AC imekufa, naye fundi, bila kuuliza zaidi, hujaza gesi. Kwa miaka niliyoitunza Corolla yangu ya mwaka 1998, nimejiridhisha kwamba fedha nyingi hupotea hapo, kwa sababu mwenye gari hakueleza tatizo lake hasa ni lipi.

Kuna upungufu wa ubaridi, na kuna upungufu wa upepo. Gesi, kompresa (pampu inayoisukuma gesi hiyo) na kondensa (rejeta inayoipoza) ndivyo vinavyoleta ubaridi. Feni, chujio na njia za hewa ndivyo vinavyoleta upepo. Ikiwa hewa inayotoka ni baridi lakini inatoka kwa unyonge, hata ukiwa umeweka feni kwenye kasi ya mwisho, basi tatizo liko upande wa upepo. Fundi mmoja wa Ngamiani, hapa hapa Tanga, aliyenifundisha mengi katika jambo hili alilisema kwa maneno machache: “Kaka, gesi haisukumi upepo.”

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, kaa ndani ya gari na ufanye uchunguzi kwa mkono na masikio. Weka feni kwenye kasi ya mwisho, kisha pitisha kipande cha karatasi laini mbele ya kila tundu la dashibodi. Tundu moja likiwa dhaifu na mengine yakiwa mazuri, huenda bomba la plastiki nyuma ya dashibodi limechomoka, au bawa la tundu hilo limevunjika. Yote yakiwa dhaifu, kizuizi kiko nyuma zaidi. Badilisha swichi kutoka hewa ya nje kwenda hewa ya ndani: upepo ukiongezeka kwa kiasi kikubwa, basi mlango wa hewa ya nje, ulio chini ya kioo cha mbele karibu na mikono ya waipa, umeziba kwa majani. Wanaoegesha chini ya mwarobaini watalikuta jambo hili mara nyingi, maana vijani vyake ni vidogo na hupenya kwenye wavu bila shida. Sikiliza pia feni yenyewe. Ikiwa inavuma kwa nguvu lakini hewa haifiki, njia imeziba. Ikiwa mvumo wenyewe ni mnyonge, tafuta tatizo kwenye umeme au kwenye mota.

Chujio la hewa ya ndani ndilo la kwanza kutazamwa, kwa kuwa ni rahisi na bei yake haitishi. Katika magari mengi ya Kijapani hukaa nyuma ya droo ya dashibodi, upande wa abiria, na huchomolewa bila kutumia kifaa chochote. Lililojaa vumbi halipigwi-pigwi ukutani likarudishwa. Linabadilishwa, na mshale uliochorwa ubavuni huelekezwa upande ambao hewa inaelekea. Hata hivyo, magari mengi ya miaka ya 1990 hayakuwekewa chujio kabisa, na langu ni miongoni mwa hayo. Hapo ndipo kazi halisi inapoanza.

Gari lisilo na chujio humeza vumbi moja kwa moja, nalo hutua mahali pawili. Pa kwanza ni gurudumu la feni, lile lenye mabawa membamba mengi yaliyopangwa duara. Kulifikia si kazi ngumu: chomoa waya wa betri, toa droo ya dashibodi, chomoa plagi ya mota, kisha legeza skrubu chache zinazoishikilia, nayo hushuka mkononi pamoja na gurudumu lake. Kila bawa limepinda ili lichote hewa, na vumbi hujikusanya ndani ya upindo huo huo hadi bawa likawa bapa. Kwenye gari langu, ambalo hupita mara kwa mara kwenye njia za udongo mwekundu upande wa Muheza, nilikwangua tope lililokauka, nyuzi za zulia na mbegu za mwarobaini, yote yakiwa yameshikana. Gurudumu la namna hiyo huzunguka kwa kasi ile ile lakini halichoti kitu. Lisugue kwa mswaki na maji ya sabuni, uliweke mbali na mota wakati wa kuosha, na usiyaguse mabawa yaliyowekewa vibanio vidogo vya chuma, kwa maana vibanio hivyo ndivyo vinavyozuia mtetemo.

Pa pili ni evaporeta, yaani kile kifaa chenye mapezi membamba nyuma ya dashibodi kinachoipoza hewa inayopita. Hii huwa na maji wakati wote kiyoyozi kinapofanya kazi, na katika hewa yenye unyevu kama yetu maji hayo ni mengi. Kila chembe ya vumbi inayopita hunasa hapo. Baada ya miaka, uso wake hufunikwa na tabaka zito kama blanketi, na harufu ya uvundo inayotoka asubuhi unapowasha feni ni dalili yake. Ukishatoa mota, tumia tochi na kioo kidogo kuutazama. Toa uchafu mkavu kwanza kwa brashi laini, ukifuata mwelekeo wa mapezi, kisha nyunyizia dawa ya povu iliyotengenezwa kwa ajili ya evaporeta na uache maji yaondoke kupitia bomba la kutolea maji chini ya gari. Hakikisha kwanza kwamba bomba hilo halijaziba. Nasisitiza kwamba mashine ya kuoshea magari yenye shinikizo kubwa na tindikali ya aina yoyote havifai hapa, kwani mapezi ni ya alumini nyembamba: hupinda kwa shinikizo na huliwa na tindikali, na evaporeta ikitoboka gharama ni nyingine kabisa.

Liko jambo moja ambalo gesi huhusika na upepo, na ni haki lisemwe. Ikiwa upepo ni mzuri mwanzoni mwa safari, lakini ukifika karibu na Segera umekuwa hafifu, huenda evaporeta inaganda barafu. Zima kitufe cha AC na uache feni izunguke kwa dakika 10 hadi 15. Upepo ukirudi na maji mengi yakachuruzika chini ya gari, umepata jibu. Sababu huwa ni gesi iliyopungua, kihisi cha baridi kilichoharibika, au ule uchafu tuliokwisha kuutaja.

Upande wa umeme, dalili inayojulikana zaidi ni feni kufanya kazi kwenye kasi ya mwisho peke yake. Hiyo ni rizista iliyoungua, yaani kile kifaa kinachopunguza umeme wa feni kwenye kasi ndogo. Rizista hukaa ndani ya njia ya hewa ili ipozwe na upepo, kwa hiyo ukiweka mpya bila kusafisha njia, nayo itaungua. Kagua pia plagi ya mota: chumvi ya bahari huotesha kutu ya kijani kwenye shaba, plagi hupata moto, na plastiki huyeyuka. Mwambie fundi apime volti kwenye plagi feni ikiwa kasi ya mwisho na injini ikiwa inaunguruma. Zikikaribia zile za betri, ni sawa. Zikiwa 10 au 11, umeme unapotea njiani. Usikubali kamwe kuwekewa fyuzi kubwa zaidi ya ile iliyoandikwa kwenye kifuniko.

Mota ikiwa imechoka kweli, na unanunua ya mtumba, mwombe muuzaji aiunganishe kwenye betri palepale dukani, uisikilize kama inakwaruza. Ikishafungwa garini, na hasa kama nyaya zilikatwa na kuungwa upya, tazama inazunguka upande gani. Feni ya aina hii ikizunguka kinyume bado hupuliza hewa kwenye matundu yale yale, lakini kwa unyonge, na fundi asiyelijua hilo atarudi kukushauri ujaze gesi.