Barua kwa mwanangu: swali la darasani kwako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeupata. Unasema chuo kinakutaka ufanye utafiti tendaji, yaani uchunguze ufundishaji wako mwenyewe ili uuboreshe, katika darasa unalofundisha, ukaandika swali: "Kwa nini wanafunzi wa kidato cha kwanza wanafeli Baiolojia?" Mkufunzi amelirudisha akisema ni pana mno, nawe unaniuliza ulipunguze vipi.

Mama, kulipunguza hakutatosha. Katika swali hilo wewe mwenyewe humo. Hata mtu wa wizarani anaweza kuliuliza bila kukanyaga darasani. Na majibu unayajua tayari: vitabu haba, Kiingereza kigumu, darasa limejaa. Utayaandika yote, kisha Jumatatu utafundisha vilevile.

Anzia kwenye linalokukosesha raha. Likizo ya Desemba uliniambia kwamba ukiuliza swali darasa zima linanyamaza, wanajibu wale wale wa dawati la mbele. Hapo ndipo pa kuchimba. Watoto hao wamesoma shule ya msingi miaka 7 kwa Kiswahili. Usanisinuru waliufahamu, leo wanatakiwa waueleze kwa Kiingereza. Je, wananyamaza kwa kutojua, au wanajua ila maneno hawana? Au huwapi nafasi ya kufikiri? Huko Marekani, miaka ya 1970, mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alichunguza masomo ya sayansi yaliyorekodiwa, akaona walimu wakishauliza husubiri kama sekunde 1 tu. Waliposubiri sekunde 3 au zaidi, majibu yalirefuka na waliozoea kunyamaza wakaanza kusema. Rekodi kipindi chako kimoja kwa simu, ujisikilize.

Mimi ningeandika hivi: "Majibu ya wanafunzi wangu yanabadilikaje nikiwapa dakika 2 wajadiliane wawili wawili kwa Kiswahili kabla ya kujibu kwa Kiingereza?" Humo kuna unachofanya wewe, kuna kinachoweza kuonekana, na jibu linaweza kukukatalia. Hili la mwisho nalisisitiza sana. Ukiandika "faida za majadiliano darasani" umeshahukumu kabla ya kusikiliza, na utakachokusanya kitakuwa cha kujipongeza.

Usibadilishe chochote mwanzoni. Wiki mbili za kwanza fundisha kama kawaida yako, mwalimu mwenzako akae nyuma na orodha ya majina, atie alama kwa kila anayejibu, na aandike jibu lilivyotoka, hata likiwa neno moja. Wengi huruka hatua hii, kisha wanakosa cha kulinganisha nacho. Madaftari ya wanafunzi nayo yapitie. Asiyenyoosha mkono huenda anaandika vizuri.

Najua shuleni kwenu Kiswahili hakiruhusiwi vipindini. Basi nenda kwa mkuu wa shule mapema, umweleze unachotaka kujaribu na kwa muda gani, upate ruhusa yake kwa maandishi. Waambie na wanafunzi, usiwafanyie kwa siri. Majina yao yasionekane kwenye ripoti, na asiyetaka sauti yake irekodiwe aachwe, bila kuulizwa sababu.

Andika swali lako upya kwa maneno yako, hilo langu ni mfano tu. Nitumie kabla hujampelekea mkufunzi, tulisome pamoja kwa simu Jumapili jioni. Baba yako anakusalimu.

Mama yako