Mahakama haikukunyima mwanao

Barua ya leo ni ya baba mmoja wa Malindi, nahodha wa boti za watalii. Ameachana na mkewe, na wana binti wa miaka 6. Mahakama ya watoto imeamuru amwone kila Jumamosi kwa muda wa saa tatu, nyumbani kwa bibi yake mzaa mama, bibi mwenyewe akiwepo, wala asitoke naye. Baba analalamika kwamba mtalaka wake amemwonea. Amesusa kwenda, na pesa za matumizi amezikata. Auliza: akienda kwa Kadhi, amri itaondoka?

Pole, mwanangu. Kukaa na mwanao huku unatazamwa kunachoma moyo. Pole yangu inaishia hapo, maana mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Kurasa mbili umejaza mtalaka wako, jina la mtoto hukulitaja hata mara moja. Kisha katikati ukapenyeza: "Ile siku ya pikipiki nilikuwa nimekunywa mnazi kidogo tu." Kidogo! Usiku, binti umempakata juu ya tangi, hadi mkono ukavunjika, na mbaya ni mama yake? Asiyekuwapo na lake halipo, lakini leo namsemea mimi: mama huyo alifanya lililompasa. Wapo wanawake wanaobuni maneno ili kumkomoa mume, nami nawakemea. Ila mkono uliofungwa plasta si maneno ya kubuni.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 53, yasema maslahi ya mtoto ndiyo yanayotangulia katika kila jambo linalomhusu, na Sheria ya Watoto ya 2022 ikalikazia. Kwa hiyo hakimu hakuwa akipima nani kati yenu ana haki ya kukasirika. Alitazama usalama wa mtoto, akaona bado anamhitaji babake, akakuachia hizo saa tatu. Wewe ukazisusa! Siku utakayorudi kuomba masharti yalegezwe, utaulizwa Jumamosi ngapi ulikwenda. Utajibu nini?

Kwa Kadhi mlipeana talaka, na hilo limekwisha. Amri hii ilitolewa na mahakama ya watoto. Huko huko ndiko utakakoomba iangaliwe upya, au ukate rufaa Mahakama Kuu, nayo iko hapo hapo Malindi. Usizunguke.

Kuhusu pesa sina subira. Ibara hiyo hiyo yasema wajibu wa kumtunza mtoto ni wa baba na mama sawasawa, wawe wameoana au hawakuoana. Chakula cha mtoto si kiingilio cha kumwona. Hili nawaambia vijana wote wa siku hizi: harusi mnaicheza siku tatu, mkiachana mnamgeuza mtoto kamba ya kuvutania. Hela mnamnyima yeye ili aumie mama, na anayelala njaa ni nani?

Jumamosi hii nenda. Usinuke mnazi. Msalimu mama mkweo wa zamani kwa heshima, shikamoo yake umpe, kwani yeye ndiye atakayeulizwa unavyokaa na mtoto. Habari za mamake usimdodose binti. Kaa naye chini, cheza naye, saa tatu zikiisha umuage bila kelele. Na matumizi ya miezi uliyokata, yatume leo, usingoje Jumamosi.