Maswali na Majibu: Kompyuta Yenye Vyumba

Toleo lililopita tuliandika kuhusu Qubes OS, mfumo endeshi unaoigawa kompyuta moja vyumba vingi. Kila chumba kinajiona ni kompyuta kamili, na chini ya vyote ipo Xen, programu inayogawa prosesa na RAM. Barua kutoka Kusini tunazijibu hapa.

Nina steshenari karibu na stendi. Msimu wa korosho flashi za wateja zinaingia mfululizo, na kila mara naishia kufomati kompyuta kwa sababu ya virusi. Qubes itanisaidia?
*Mama steshenari, Masasi*

Itakusaidia, dada, ila usitegemee isafishe flashi ya mteja. Kazi yake ni kuuzuia uchafu usivuke kizingiti. Flashi ikichomekwa inaingia kwanza kwenye chumba kiitwacho sys-usb. Bofya alama ya vifaa juu kulia, uiunganishe na chumba cha muda, kile kinachozaliwa ukikifungua na kufa ukikifunga. Barua ya mteja inafunguliwa humo na kuchapwa humo. Ukifunga, kilichokuwemo kimekwenda nacho, na mteja anayefuata anapewa chumba kipya.

PDF unayotaka kubaki nayo, igeuze kwanza. Chumba cha muda kinachukua kila ukurasa na kuufanya picha ya nukta za rangi tupu, kisha chumba chako kinaunda PDF mpya kutokana na nukta hizo. Faili linanenepa, na maneno yake hayanakiliki tena kirahisi, lakini kilichokuwa kimejificha ndani hakipiti.

Patakapokusumbua ni printa. Ya USB inawezekana, lakini kila chumba kipya kinataka uiunganishe upya. Chukua inayotumia Wi-Fi au waya wa mtandao, weka draiva yake kwenye kiolezo (chumba cha mfano ambacho vingine huazima mfumo wake) cha vyumba vya muda, kisha kwenye mipangilio, sehemu ya fayawoli, ruhusu anwani ya printa pekee.

Na kama ni kompyuta ya mezani, angalia kibodi. Kibodi ya USB ikipitia sys-usb hiyohiyo inayopokea flashi za wateja, flashi mbovu ikikiteka chumba hicho inaweza kuandika kana kwamba ni vidole vyako, hata nenosiri ikalisoma. Laptopu nyingi kibodi yake ya ndani haipiti USB. Kwa kazi yako tungechagua laptopu.

Nimenunua ThinkPad T430 ya mtumba, i5, RAM GB 8. Kisakinishi kinalalamika kuwa hakuna VT-d. Muuzaji anasema i5 zote ni sawa.
*Fundi, Lindi mjini*

Si sawa hata kidogo. Anza na BIOS: bonyeza F1 inapowaka, ingia Security, halafu Virtualization, uwashe vyote viwili vilivyomo. Bado inalalamika? Soma namba ya prosesa. i5-3210M haina VT-d, i5-3320M inayo. Zinafanana sura, zote ni za wati 35, na duka la mtumba linaziita kwa jina moja.

VT-d ndiyo inayoifungia kadi ya mtandao isiguse RAM ya vyumba vingine. Bila hiyo, chumba cha mtandao, sys-net, hakiwaki. Mtandaoni utakuta watu wanakiwasha kwa kubadili aina yake kuwa PV, njia ya zamani ya kuendesha vyumba isiyotegemea VT-d. Kitawaka, ila ukuta wako utakuwa wa makuti: kadi ikitekwa inasoma kumbukumbu yote ya mashine.

Bahati yako ni T430. Prosesa yake imekaa kwenye soketi, haikuchomelewa kwenye bodi kama ya X230. Toa kibodi, fremu ya juu na feni, badilisha, paka pesti mpya ya joto. Ukiwa umeifungua, weka RAM mbili za GB 8. Kima cha chini cha Qubes ni GB 6, lakini inayopendekezwa ni 16, na tofauti utaiona ukifungua chumba cha nne. Diski iwe SSD. Jua pia kwamba prosesa za umri huo Intel hawazitolei tena marekebisho ya usalama.

Faili la usakinishaji linazidi GB 6, litamaliza bando langu. Rafiki ananiletea kwenye flashi kutoka Dar. Niliamini?
*Mwanachuo, Newala*

Usimwamini rafiki wala flashi, amini sahihi ya kidijitali. Akuletee faili la .iso pamoja na dogo la .asc, lenye sahihi hiyo. Wewe tumia bando kidogo kuchukua ufunguo mkuu wa Qubes, ulinganishe alama yake ya utambulisho, tarakimu na herufi zote 40, kutoka sehemu tatu nne zisizohusiana. Zile nane za mwisho peke yake huigizwa. Ufunguo mkuu unathibitisha ufunguo wa toleo, na wa toleo unathibitisha faili. Amri ni gpg --verify, kwanza .asc kisha .iso. Kama sahihi haikubali, futa, hata kama faili linawaka vizuri.

Kila programu ninayosakinisha inapotea nikizima chumba.
*Msomaji, Mikindani*

Umeisakinisha chumbani badala ya kwenye kiolezo. Chumba kinaazima mfumo wake kutoka kwenye kiolezo kila kinapowaka. Kinachobaki chake ni /home, /usr/local na /rw. Sakinisha kwenye kiolezo, kizime, kisha uwashe upya chumba.

Sisi ni vijana watano, tunataka kutengeneza mfumo endeshi wetu wa aina hii na kuutoa mwakani.
*Kikundi, Mtwara*

Mwakani ni karibu mno. Joanna Rutkowska na wenzake wa Invisible Things Lab, Warszawa, walionyesha Qubes mara ya kwanza Aprili 2010, toleo 1.0 lilitoka Septemba 2012, na hao hawakuandika Xen wala Linux, waliviunganisha. Toleo 4.0 lilipita matoleo matano ya majaribio, kuanzia Julai 2017 hadi Machi 2018; humo waliacha PV kwa vyumba vingi baada ya Xen kukutwa na matundu ya kumbukumbu mara kwa mara.

Anzeni na kiolezo: Debian yenye menyu za Kiswahili na programu ambazo ofisi za kwenu zinazitumia. Qubes-builder, zana ya kujengea Qubes, inakijenga ndani ya chumba cha muda au ndani ya Docker, programu inayoendesha kazi ndani ya kasha lililotengwa. Kabla ya kumpa mtu yeyote, tengenezeni ufunguo mkuu kwenye kompyuta isiyogusa intaneti, na utumike kusaini funguo za matoleo tu. Kisha kubalianeni nani atatoa marekebisho siku Debian inapotangaza tundu usiku wa Ijumaa. Kama hamna jina la kuandika hapo, msitoe.